Altezza yangu ya sakiti, mwaka wa tatu sasa: gharama, ujinga wangu na pedali ya breki inayozama

#1 Mtoto wa Tegeta

Wakuu salama? Mimi humu ni msomaji tu, sijawahi kushusha uzi, ila leo usingizi umegoma kwa hiyo mtanivumilia ikiwa ndefu.

Nina Toyota Altezza RS200, ile yenyewe ya injini ya 3S-GE, klachi, gia sita. Nasema ile yenyewe maana Altezza nyingi mnazoziona mjini ni AS200 zenye 1G, silinda sita, farasi 160, mtu kafunga ekzosi ya kelele akajiona kamaliza. Sina ubaya nazo, shemeji yangu anayo. Ya kwangu kiwandani ilitoka na farasi 210 ila hao farasi wote wamejazana kule juu kwenye mizunguko 7600 kwa dakika, ukiiendesha kistaarabu unaona gari ya kawaida kabisa, ukiikamua ndo inaamka.

Nilinunua Tabata kwa jamaa aliyekuwa anaendea nayo kazini. Nimeng'oa viti vya nyuma, kapeti, spika, nimeweka kiti cha kukumbatia mgongo, shokapu za kupandisha na kushusha (used Japani), mkanda wa taimingi mpya, tairi semisliki ambazo zinavuma kama ndege inataka kutua lakini zinashika hatari. Na spesa (vipande vya kusogeza rimu nje) za milimita 20 pande zote nne maana rimu zilikuwa zimezama ndani ya fenda, gari ikawa kama mzee aliyeng'oka meno, mashavu yote ndani. Gharama niliacha kujumlisha ilipofika milioni 7 juu ya bei ya gari. Mama watoto akiuliza najibu ni tairi.

Tunachezea kwenye yadi ya lami upande wa Kigamboni, ya mtu binafsi, tunachangishana kuikodi siku nzima, tunapanga koni, helmeti lazima, mtungi wa moto lazima, gari moja uwanjani kwa wakati mmoja. Nimeandika mapema kwa wale wanaotaka kuja kusema sisi ndo tunaofukuzana barabarani usiku. Hapana, sisi tunafukuzana na saa.

Sasa tatizo. Jumamosi iliyopita lap (mzunguko) ya nne, natoka kwenye ile kona ndefu ya kushoto gia ya tatu, nakanyaga breki niingie kona kali ya kulia, pedali IKAENDA. Yaani mguu ulishuka kama umekanyaga ngazi ambayo haipo. Nikakanyaga tena ikashika, nikafagia koni sita, nikasimama kama mita kumi kutoka kwenye kontena. Nikazima gari nikakaa ndani sijui dakika ngapi. Nimerudi nyumbani kwa 40 kwa saa, malori yananipigia honi njia nzima.

Fundi wangu anasema masta silinda (ile pampu ya breki inayosukumwa na pedali) imekufa, ninunue nyingine. Kabla sijatoa hela naomba akili zenu.

#2 Kibonge Mwepesi

Uzi wa gari bila picha? Mods mpo?

#3 Dada Runx

Pole kaka, na hongera kwa kusimama kabla ya kontena.

Usinunue masta silinda kwanza. Swali la kizushi, mafuta ya breki mara ya mwisho umebadilisha lini? Sio kuongeza, KUBADILISHA.

Mafuta ya breki yanavuta unyevu toka hewani, na unyevu wa Dar unaujua mwenyewe, shati likikauka ni bahati. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya kiwango chake cha chini ni kuchemka kwenye nyuzi 205, yakishavuta maji kipimo kinashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 mapya na 155 yakishalowa. DOT 5.1 ni 260 na 180. Lap nne za kukamua, kalipa (zile zinazobana pedi kwenye diski) zinapata moto, maji yaliyomo yanageuka mvuke, na mvuke unaminyika, ndo mguu unashuka hadi sakafuni. Ukipoa inarudi kama hakuna kilichotokea na fundi anakwambia mbona nzima.

Mimi mwaka wa kwanza na Runx yangu (injini ya 2ZZ, farasi 190, wale wanaosema gari ya kina mama waje yadi) niliponea hivyohivyo. Sasa hivi nabadilisha kila baada ya miezi sita na chupa ikishafunguliwa sihifadhi. DOT 5 tupu bila .1 usiguse, ile ni silikoni, haichanganyiki na hizi nyingine.

#4 Chuma Ulete

Uza hiyo takataka ya farasi 210 weka injini ya 1JZ turbo, Altezza inaipokea vizuri tu boneti inafunga. Farasi 280 za kiwandani bila kugusa kitu. Breki za nini wakati unaenda mbele hahahaha

#5 Mtoto wa Tegeta

Dada Runx, mafuta sijabadilisha toka ninunue gari. Nilimuuliza fundi akasema hayo hayana mwisho, ukiona yamepungua unaongeza. Nimefungua kikopo muda huu yana rangi ya chai ya rangi iliyokolea tangawizi. Kesho naanza na hilo.

Chuma Ulete nimeshindwa kusimamisha 210 unanipa 280 kaka?

#6 Subaru Moyoni

Chuma Ulete ndo watu wa aina yako mlionipoteza mimi.

Nilikuwa na Subaru Impreza ya injini ya EJ20 turbo. Nikapandisha busti (presha ya turbo), nikaweka intakula kubwa (kipoza hewa ya turbo), kila kitu cha kwenda mbele. Oili nilikuwa naweka hadi katikati ya alama ya dipstiki, nikiamini inatosha. Ukikaa kwenye kona ndefu oili yote inakimbilia upande mmoja wa sampo (bakuli la oili chini ya injini), bomba la kunyonya linabaki linanyonya hewa, sekunde moja mbili hizo beringi za kondrodi zinasagana kavu. Siku hiyo nilisikia tok tok tok, nikasema labda jiwe limeingia kwenye ekzosi. Jiwe! Nikamaliza na lap mbili nyingine. Nilipofungua beringi ilikuwa imekuwa nyembamba kama karatasi ya sigara na krankshafti imeliwa.

Kwa hiyo mtoto wa Tegeta, wakati unashughulika na breki weka oili hadi alama ya juu kila siku ya kucheza, weka na geji ya presha ya oili, sio taa. Ile taa ya kiwandani ikiwaka ujue unapewa pole, sio taarifa.

#7 Kibonge Mwepesi

"Unapewa pole sio taarifa" nimecheka hadi mke kaniuliza nachati na nani

#8 Bongo Joburg

Nawasalimu toka Sauzi. Nina Polo, kila nikipata hela ya kiingilio naenda nayo sakiti ya Kyalami, ni km 4.522 kwa mzunguko, unateremka kwa kasi halafu unaambiwa usimame, hapo ndo utajua breki zako za kweli au za kuombea.

Kitu ambacho watu wa Dar mnakisahau. Huku tuko juu, Joburg iko kama mita 1,700 toka usawa wa bahari, hewa nyembamba, injini isiyo na turbo inapoteza kama asilimia 15 hivi ya nguvu. Nyie mko usawa wa bahari, injini inakula hewa nzito nguvu zote mnazo, lakini joto nalo mnalo lote. Kwa hiyo huko gari inakwenda vizuri lap mbili halafu inachemsha. Mtoto wa Tegeta hujasema habari ya maji, rejeta yako ikoje na thamostati ipo?

#9 Mtoto wa Tegeta

Mkuu thamostati ilitolewa na jamaa aliyeniuzia, anasema bongo joto haihitajiki, na feni imeunganishwa direct. Mshale haujawahi kupanda ila kweli ukiwa unakimbia barabarani haupandi kabisaa, unabaki chini.

#10 Dada Runx

Mungu wangu. Huu ugonjwa wa kutoa thamostati hautaisha mjini hapa.

Ngoja nieleze mara moja ya mwisho maana nimechoka. Thamostati za Toyota nyingi zina kisahani cha pili upande wa chini. Injini ikipata moto, juu inafungua njia ya kwenda rejeta na chini kile kisahani kinaziba njia ya mkato, ile inayorudisha maji kwenye injini bila kupita rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote, sehemu ya maji yanazunguka humohumo na moto wake. Kwa hiyo ukiwa taratibu gari inakuwa baridi kupita kiasi, kontroboksi (kompyuta ya injini) inadhani injini haijapata moto inamwaga petroli, halafu siku ukiikamua kweli ndo inachemka. Umetoa kifaa cha kuzuia kuchemsha ili isichemshe.

Na msiweke maji ya kisima. Visima vingi vya huku vina chumvi, rejeta inaoza ndani huku nje inang'aa. Weka kulanti, kama huna hela weka hata maji yaliyosafishwa ya betri kwa muda.

#11 Chuma Ulete

Nyie mnaogopa sana. Mimi nataka kufunga keji (fremu ya mabomba ndani ya gari, ya kukukinga ikibiringika) kabla ya mwezi wa kumi, kuna mchomeleaji mmoja wa mageti mtaani kwetu kaniambia laki nne na nusu bomba juu yake. Nani kashafunga?

#12 Nondo za Keko

Mimi nachomelea. Mageti, fremu za bajaji, stendi za matenki, hata keji moja nimewahi. Sikiliza kaka mdogo.

Kanuni za FIA (shirikisho la mbio za magari duniani) kwa keji, ile bomba kuu nyuma ya dereva ni chuma kisicho na mshono, kipenyo milimita 45 kwa unene wa 2.5, au 50 kwa 2.0. Hizo nyingine ni 38 kwa 2.5 au 40 kwa 2.0. Bomba la geti la inchi moja na nusu ni hilohilo 38 ukilitazama kwa nje ndo maana watu wanadanganyika, lakini ukuta wake mara nyingi ni milimita moja na nusu na lina mshono urefu wote. Gari ikibiringika litakunjika kama mrija wa soda na linakukunjikia wewe. Halafu wanasahau miguu, bomba likishikiliwa kwenye bati tupu la sakafu bila sahani ya chuma chini yake litatoboa sakafu kama kisigino cha kiatu kirefu kwenye mchanga wa Coco Beach.

Jambo la pili, kama hiyo gari unaendea na sokoni, keji bila helmeti ni nyundo iliyowekwa karibu na kichwa chako. Ukigongwa na bodaboda Mwenge kichwa kinaenda kwenye bomba. Kama unacheza kwenye koni tu spidi ndogo, nunua kiti kizuri na helmeti ya magari kwanza, yenye alama ya SA, sio M. M ni ya pikipiki, haipimwi moto.

Laki nne na nusu anakufungia geti ndani ya gari.

#13 Chuma Ulete

Duh. Sawa kaka mkubwa nimekuelewa. Nimemrudishia jamaa oda.

#14 Mtoto wa Tegeta

MREJESHO

Nimebadilisha mafuta ya breki yote, DOT 4, nimetoa upepo magurudumu yote nikianzia la mbali, nimesaidiwa na mdogo wangu kukanyaga hadi akaomba soda. Pedi mpya mbele. Thamostati mpya, kulanti, nyaya za feni zimerudi zinapotakiwa. Dada Runx mshale sasa hivi unakaa katikati, sikuwahi kujua kuna katikati.

Leo tumeenda yadi. Lap ya kwanza safi. Ya pili safi. Pedali ngumu kama jiwe nikasema asante dada.

Lap ya TATU imezama tena. Palepale, natoka kona ya kushoto nakanyaga, mguu unaenda. Nilikuwa sijakaza sana kwa hiyo sikugonga kitu lakini nimekata tamaa wakuu. Fundi amenipigia simu anacheka, anasema si nilikwambia masta silinda.

#15 Subaru Moyoni

Ooh hapo kidogo fundi anaweza kuwa na hoja. Sili za ndani ya masta zikichoka mafuta yanapita pembeni.

#16 Dada Runx

Mimi nimeishia hapo, naona aibu kidogo. Ngoja waje wenye mji.

#17 Mzee wa Kidatu

Vijana hamjambo. Nimeusoma uzi wote nikiwa na kahawa, nimefurahi. Enzi zetu tulikuwa tunajifunza kwa kuua magari ya serikali.

Usinunue masta silinda mwanangu. Nijibu maswali matatu kwanza.

La kwanza, pedali inazama popote au ni baada ya ile kona ndefu tu? La pili, ukikanyaga mara ya pili harakaharaka inakuwa ngumu kamili au bado laini? La tatu, huo mvumo unaosema wa tairi, uko vilevile ukiwa unakata kushoto na ukikata kulia?

#18 Mtoto wa Tegeta

Shikamoo mzee.

1. Nimefikiria sana, zote mbili ilikuwa ni baada ya ile kona ya kushoto. Kwenye breki ya mwisho wa sehemu iliyonyooka ambapo ndo nakaza kuliko pote haijawahi.
2. Ya pili ni ngumu kabisa, kama hakuna kilichotokea.
3. Sijawahi kusikiliza. Natoka sasa hivi nikazunguke mtaani.

#19 Mtoto wa Tegeta

Mzee nimerudi. Nikiyumbisha kushoto mvumo unapanda, nikiyumbisha kulia unakata karibu wote. Nimerudia barabara ya Bunju mara tano hadi walinzi wa kituo cha mafuta wameanza kuniangalia.

#20 Mzee wa Kidatu

Marahaba. Basi tairi zako hazina kosa na masta silinda yako ni nzima.

Mafuta yakichemka pedali inalainika popote na ukipampu inabaki na ulaini fulani hadi ipoe. Pedi zikiungua pedali ni ngumu lakini gari haisimami. Masta ikivujisha ndani, ukikanyaga na kushikilia kwenye taa pedali inashuka polepole hata gari ikiwa baridi, haichagui kona. Ya kwako inachagua kona, na ukikanyaga ya pili inashika. Hiyo ni diski kusukuma pistoni.

Ukikata kushoto uzito wa gari unalalia gurudumu la mbele kulia. Kama beringi ya habu (kitovu cha gurudumu) hapo imechoka, habu inayumba, diski inayumba nayo, inagonga pedi na kurudisha pistoni ndani ya kalipa. Milimita moja tu inatosha. Ukija kukanyaga, mafuta yote ya mkanyago wa kwanza yanaishia kuirudisha pistoni mahali pake, ndo maana mguu unakosa kitu. Mkanyago wa pili unakuta pistoni ishafika.

Piga jeki mbele kulia, weka stendi, usiamini jeki. Shika tairi mkono mmoja juu mmoja chini, tikisa. Ikicheza, mwambie mdogo wako akanyage breki halafu tikisa tena. Mchezo ukipotea ni beringi. Ukibaki ni bolijointi au bushi.

Na hizo spesa zako mwanangu. Umeisogeza tairi nje milimita 20 ili gari ipate mashavu, ukafunga na tairi zinazoshika, hiyo beringi ya miaka ishirini na ushee ilikuwa inanyongwa kila kona.

#21 Kibonge Mwepesi

Mashavu yamemponza 😂😂😂

#22 Chuma Ulete

Mzee wa Kidatu shikamoo. Ulikuwa unaendesha rali?

#23 Mzee wa Kidatu

Marahaba. Hapana, nilikuwa fundi wa gari za kazini, kila Pasaka tunaomba ruhusa tunaenda kuangalia Safari Rally. Ile mwaka 1953 ilipoanza ilikuwa inapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Niliyoiona kwa macho yangu ni Shekhar Mehta na Datsun Violet, ile watu wanaiita 160J, kachukua mara nne mfululizo 1979 hadi 1982. Kulikuwa na gari zenye nguvu kuliko ile. Zilikuwa zinapita kwa kishindo, sisi tunashangilia, halafu jioni unazikuta kando ya njia boneti juu.

Tuachane na hayo, kijana kapiga jeki?

#24 Mtoto wa Tegeta

Nimepiga. Inacheza juu chini, kwa sauti, klok klok. Mdogo wangu kakanyaga breki ikanyamaza. Nimejisikia vibaya sana wakuu, mwezi mzima nasema tairi zinavuma.

Kingine, nati mbili za hilo gurudumu zilikuwa zimekazwa hadi nikasimama juu ya spana ndo zikaachia, na moja ilikuwa inazunguka kwa vidole. Kijana wa tairi Tegeta alikuwa anakaza kwa kuruka juu ya spana.

#25 Dada Runx

Kaka tafuta spana ya vipimo. Nati za Toyota yetu hizi ni 103 Nm, kaza kwa nyota, endesha kidogo, rudia. Ukikaza moja kwa kuruka na nyingine kwa vidole diski inakaa upande, na diski ikikaa upande nayo inasukuma pistoni hivyohivyo. Kwa hiyo inawezekana ulikuwa na viwili kwa mpigo.

Mzee nimejifunza kitu leo, asante sana. Nimetoka hapo kutikisa tairi zangu zote nne na nguo za kanisani.

#26 Mtoto wa Tegeta

MREJESHO WA MWISHO (natumaini)

Asubuhi nimeenda Gerezani. Duka la kwanza nikaonyeshwa habu mpya kwenye boksi la jina kubwa la Kijapani, muuzaji anaapa OG kabisa, nikageuza boksi nikakuta hata jina lenyewe wamekosea herufi. Nikamwonyesha, akasema "hiyo ni ya soko la Dubai boss". La pili hawana. La tatu mzee mmoja kaniletea habu used iliyotolewa kwenye gari iliyokatwa nusu toka Japani, nikaizungusha kwa mkono nimeiweka karibu na sikio kama Mzee wa Kidatu alivyonielekeza inbox, haina chembe wala mkwaruzo. Alianzia laki na themanini tukamalizana laki na thelathini. Nimechukua ya kushoto pia maana najua inafuata.

Spesa nimetoa zote nne. Gari imerudi mashavu ndani. Mtoto wangu kaniuliza baba gari imekonda?

Jioni tulipata yadi masaa mawili. Lap kumi na mbili. Nimeikamua ile kona ya kushoto kuliko siku zote, natoka nakanyaga, pedali iko juu palepale, nikarudia, iko palepale. Na kumbe tairi hazivumi kabisa, zina kelele kidogo tu kama mtu anaburuza kandambili. Presha nilianza na 28 zikiwa baridi, nimetoka zimefika 34, gari inakaa vizuri. Muda nimepunguza sekunde mbili na nusu na sijaongeza hata farasi mmoja.

Beringi ya zamani nimeifungua. Vigololi viwili vimemeguka na njia yake imechimbika kama barabara ya Goba kabla haijawekwa lami.

#27 Subaru Moyoni

Safi sana. Fundi anasemaje?

#28 Mtoto wa Tegeta

Anasema nilivyopiga jeki niligusa masta silinda ikajirekebisha.

#29 Kibonge Mwepesi

😂😂😂😂 picha ya beringi basi

#30 Chuma Ulete

Mtoto wa Tegeta hizo spesa unauza? Mark II yangu imekonda

#31 Mzee wa Kidatu

Chuma Ulete.

#32 Chuma Ulete

Natania mzee. Natania. Shikamoo tena.